Doa linarudi palepale kila nikitoka safarini, na mke wangu haniamini tena

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na jambo lenyewe si la kumweleza mtu ana kwa ana. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto. Kazi yangu ni ya udereva wa masafa marefu: naondoka, nakaa njiani siku kadhaa, narudi nyumbani napumzika, kisha naondoka tena.

Tatizo langu liko kwenye kichwa cha uume. Hutokea doa la mviringo, kama ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Linaanza kwa kuwasha na kuchoma, halafu linakuwa jekundu linaloelekea zambarau. Wakati mwingine linajaa maji katikati, likipasuka panabaki kidonda kinachouma sana nikienda haja ndogo. Baada ya wiki moja au mbili panakauka, lakini panabaki peusi. Likirudi, linarudi palepale, halisogei hata kidogo. Kuna doa jingine dogo mgongoni mwa mkono wangu wa kulia, nalo huwaka siku ileile. Nilikuwa silitilii maanani, maana lile la kwanza ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa shida yenyewe, daktari, ni kwamba doa hili huja nikiwa safarini. Nikikaa nyumbani sina kitu. Mke wangu si mtu wa ugomvi, lakini ameshaliunganisha hilo, na kwa hesabu yake jibu ni moja tu. Tumeacha kulala chumba kimoja. Nimemwapia kwamba sina mwanamke mwingine, naye ananiambia kiapo hakiponyi kidonda. Sina la kumjibu.

Nimepima VVU, sina. Kaswende, sina. Kisonono, sina. Nimepimwa picha kamili ya damu nikaambiwa seli nyeupe ziko katika kiwango kinachotakiwa. Nimechomwa sindano na kupewa antibiotiki zaidi ya mara moja. Kidonda kinapona, kisha kinarudi kama vile sikutibiwa. Mwisho mtu mmoja anayetoa huduma za afya akaniambia kinga yangu imeshuka, akaniuzia dawa za kuongeza kinga. Lakini vipimo vya damu vinasema kinga iko sawa. Nishike lipi, niache lipi?

Kuna jambo moja ambalo pengine halina maana. Nikiendesha kutwa nzima kiuno na mgongo huuma, kwa hiyo usiku kabla ya kulala nameza ibuprofeni. Nikiwa nyumbani siimezi kwa sababu simalizi siku nzima nimekaa. Mwenzangu wa kazini aliposikia habari za lile doa la mkononi akasema huenda ni dawa. Mimi sioni inawezekanaje. Dawa nikiimeza inaingia kwenye damu, na damu inazunguka mwili mzima. Kwa nini paungue mahali pawili tu, tena palepale kila mara?

Nimefikiria nimeze kidonge mbele ya mke wangu, tukae wote tusubiri, ajionee mwenyewe. Ni wazo zuri?

Naomba unijibu hapahapa kwenye safu, kwa kuwa na yeye huisoma.

Wako,
Msafiri niliyechoka

MAJIBU YA DAKTARI

Marahaba, mdogo wangu. Nianzie mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Usimeze kidonge hicho ili kumthibitishia mke wako. Usikimeze kizima wala nusu. Sababu nitazieleza mbele, lakini lishike hilo kwanza kabla hujasoma mengine.

Kwa barua siwezi kukuthibitishia ugonjwa. Ngozi inataka kuonwa. Hata hivyo, uliyoyaandika yanafanana sana na hali ambayo madaktari wa ngozi wameifahamu kwa zaidi ya miaka 100. Daktari aitwaye Bourns aliieleza mwaka 1889. Mwaka 1894 Louis Brocq wa Ufaransa akaipa jina, baada ya kuona wagonjwa waliomeza antipairini, dawa ya homa na maumivu ya zama hizo, wakitokwa na madoa mekundu yanayogeuka meusi, na madoa hayo yakirudi mahali palepale kila wanapoimeza tena. Ni mzio wa dawa, ila ni mzio wenye makao maalumu; kwa Kiingereza huitwa fixed drug eruption. Dawa zinazouleta ni nyingi: za salfa kama ko-trimoksazoli, tetrasaiklini na doksisaiklini, na za maumivu kama ibuprofeni, naprokseni na aspirini. Hata parasetamoli imo. Midomo, mikono na kichwa cha uume ni miongoni mwa sehemu ambazo mzio huu hupenda kukaa.

Mara ya kwanza dalili huweza kuchelewa wiki moja hata mbili baada ya kuanza dawa, na ndiyo maana watu wengi hawaunganishi. Baada ya hapo mambo huenda haraka. Ukimeza tena, doa linaweza kuwaka ndani ya nusu saa, au saa chache, au kesho yake. Wewe unameza usiku ukiwa njiani. Rudi nyuma ukumbuke: kuwasha huko kulikuwa kunaanza asubuhi ya siku gani?

Sasa nije kwenye swali lako la kwa nini paungue mahali pawili tu ilhali damu inafika kila mahali. Nimelifurahia, kwa sababu wataalamu wa ngozi walilihangaikia kwa miongo mingi, na wewe umelifikia ukiwa peke yako nyuma ya usukani.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kinga ya mwili ni seli nyeupe zilizomo kwenye damu: zinazunguka, zikisikia kuna uvamizi zinakimbilia huko, kazi ikiisha zinaondoka. Mafundisho hayo si ya uongo, ila yameacha nje kundi kubwa kuliko lililotajwa. Seli nyingi za kinga hazizunguki. Zimehamia ndani ya viungo na zinaishi humo, nyingine kwa miaka. Ini lina seli za Kupffer, zilizoelezwa mwaka 1876, zilizojishika kwenye kuta za mishipa yake midogo zikimeza bakteria na seli nyekundu zilizochakaa. Mapafu yana makrofaji ndani ya vifuko vya hewa, na kazi yake ni kula vumbi na vijidudu unavyovivuta kwa pumzi. Ubongo una mikroglia, ambazo mababu zake huingia humo mtu akiwa bado kiinitete, hata kabla uboho wa mifupa haujaanza kutengeneza damu. Kwenye ngozi kuna seli za Langerhans, zilizogunduliwa mwaka 1868 na Paul Langerhans akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alipoziona zina matawi marefu alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu.

Hizo zote ni wakazi. Lakini wakazi wanaokuhusu wewe zaidi ni wa aina nyingine: seli T za kumbukumbu. Seli T ndizo zinazojifunza kumtambua adui mmoja mahususi na kumkumbuka. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kumbukumbu hiyo huzunguka tu kati ya damu na tezi za limfu. Mwaka 2006 watafiti wa Boston walikadiria kwamba ngozi ya mtu mzima mwenye afya ina seli T zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizomo kwenye damu yake yote. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Australia walionyesha kwa panya kwamba baada ya ngozi kuugua hepesi, ugonjwa wa virusi unaoleta malengelenge, na kupona, baadhi ya seli T hubaki katika eneo lilelile lililougua. Hazirudi kwenye damu. Zinakaa hapo zikisubiri, na virusi vikijitokeza tena hapohapo, vinakutana nazo kabla msaada haujafika kutoka mbali.

Zinabakije hapo? Seli inayotaka kutoka kwenye tishu hufuata kemikali ya mafuta iliyo nyingi katika damu na limfu, na ili kuifuata inahitaji kipokezi juu ya utando wake wa nje. Seli mkazi ina protini iitwayo CD69, ambayo hukivuta kipokezi hicho ndani, kwa hiyo seli haisikii tena mwito wa kuondoka. Nyingi pia zina protini ya pili, CD103, inayojishika kwenye E-kadherini, protini inayoziunganisha seli za ngozi zenyewe. Mwito wa kutoka haziusikii, na hapo zilipo zimeshikamana na jirani zao.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu la majibu yako ya damu. Kupima damu ili kuzijua seli hizi ni kama kusimama barabarani ukahesabu wapita njia, halafu ukadai umewahesabu na watu waliomo majumbani. Picha yako ya damu ni sahihi. Imehesabu seli zilizokuwa zikipita mshipani siku ile, na hizo ziko vizuri. Kundi linalokusumbua halikuwa mshipani.

Turudi kwenye mkono wako, maana huko ndiko unakoweza kuangalia kwa urahisi. Ukichukua kipande kidogo cha ngozi kutoka kwenye doa la namna hii likiwa limetulia, halina maumivu wala wekundu, ukakitazama kwa darubini, utakuta kando ya tabaka la chini la ngozi ya juu zimejipanga seli T za kundi la wauaji, CD8. Tetsuo Shiohara na wenzake nchini Japani wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba seli hizo ni za kumbukumbu, zimekaa hapo tayari, na zikichokozwa hutoa interferoni gama, kemikali ya kuchochea kinga, kwa wingi ndani ya muda mfupi. Pembeni ya doa, kwenye ngozi isiyo na alama, hazijapangika hivyo.

Basi dawa inapofika, inafika kila mahali, kama ulivyosema. Inafika kwenye kidole cha mguu, kwenye shavu, kwenye goti. Huko kote inapita salama kwa sababu hakuna anayeikumbuka kwa uadui. Inapofika kwenye ile sehemu ya mkono wako na ile ya uume, inakutana na wakazi wanaoijua. Wanashtuka, wanatoa kemikali zao, wanaanza kuziua seli za ngozi zilizo jirani. Hapo ndipo unapohisi kuchoma. Seli zikifa nyingi kwa pamoja, ngozi ya juu inaachana na ya chini na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge lako. Baada ya siku chache huingia seli T za aina nyingine, zile zinazozima vurugu, na kidonda kinaanza kufunga. Lakini wale wakazi hawaondoki wote. Wengine hubaki hapohapo, wakingojea kidonge kinachofuata.

Na ule weusi? Huo nao ni kazi ya wakazi, wa kundi jingine. Seli za ngozi zinapokufa, melanini iliyokuwa ndani yake, yaani rangi ya ngozi, inamwagika na kuzama kwenye tabaka la chini. Makrofaji zinazoishi huko zinaimeza na kukaa nayo. Jambo hilohilo ndilo linalofanya tatuu idumu: wino umehifadhiwa ndani ya makrofaji za ngozi. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille walionyesha katika panya kwamba makrofaji iliyobeba wino ikifa, wino unaachiwa, kisha unamezwa na makrofaji mpya inayochukua nafasi palepale. Ndiyo maana nakusihi usihangaike na krimu za kung'arisha. Rangi yako imekaa chini, zaidi ya pale ambapo krimu inafanya kazi, na ngozi ya uume ni nyembamba mno, itaungua bure. Ukiacha dawa inayokudhuru, weusi hufifia wenyewe kwa miezi, wakati mwingine miaka. Ukiendelea kuimeza, kila mara unaongeza rangi juu ya rangi.

Kuhusu dawa ulizouziwa za kuongeza kinga, ziache. Kinga yako haijapungua. Hicho unachoumwa ni kinga inayofanya kazi kwa nguvu zake zote mahali isipotakiwa. Na kuna jambo linanikera hapa, niliseme wazi: mtu amepimwa, hakuonekana na upungufu wowote, halafu anauziwa dawa ya upungufu. Pesa hizo ungezipeleka kwa daktari wa ngozi.

Sasa shemeji yangu, najua unasoma. Niruhusu niseme na wewe kidogo.

Ulichokiona ni kweli. Mumeo akisafiri anarudi na kidonda, akikaa nyumbani hana. Umehesabu sawasawa, na mke yeyote mwenye akili angeuliza ulichouliza. Lakini safari haikuja peke yake. Kuna kidonge kinachosafiri nayo, na pia kuna doa la mkononi. Ugonjwa wa zinaa unaotokea kwenye kichwa cha uume na mgongoni mwa mkono siku ileile, ukaacha alama nyeusi ya mviringo pote pawili, kisha vyote vikatulia pamoja, sijawahi kuukuta vitabuni wala kazini.

Sitaki hata hivyo nikudanganye kwa kumtetea. Kuna ugonjwa mmoja wa zinaa ambao nao hurudi karibu na mahali pamoja, nao ni hepesi. Virusi vyake hujificha kwenye mishipa ya fahamu vikarudi kupitia njia zilezile. Vipimo alivyofanya mumeo havikuutafuta. Kwa kawaida hepesi huja na kishada cha malengelenge madogomadogo, kinachotanguliwa na mnyeo au ganzi, na mara nyingi hakiachi doa jeusi la mviringo lenye mpaka wa wazi. Kuutofautisha vizuri ni kwa kuchukua majimaji ya kidonda kikiwa kibichi na kuyapima virusi. Kipimo hicho afanye. Na hata kikionyesha hepesi, ujue kwamba virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa jambo lililotokea safari iliyopita. Watafiti wa Seattle walichunguza ngozi ya watu wenye hepesi ya sehemu za siri na mwaka 2013 wakaeleza kwamba seli T za CD8 hubaki kwenye ngozi hiyo, jirani kabisa na ncha za mishipa ya fahamu, zikivikamata virusi kila vinapochungulia. Mara nyingi zinashinda bila mwenye mwili kuhisi chochote. Wakazi haohao wa ngozi ninaowalaumu kwa mumeo, kwa mwingine ndio wanaozuia kidonda kisitokee.

Ombi langu kwako ni moja: nenda naye kwa daktari. Usiende kama shahidi wa upande wa mashtaka. Kaa naye humo ndani, usikie maelezo kwa masikio yako, uulize unachotaka.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Niliahidi kukueleza kwa nini jaribio lako la kidonge mbele ya mkeo ni baya. Kwanza, linaweza lisifanye kazi. Doa likishawaka, mahali pale huweza kutulia kwa wiki kadhaa, na ukimeza dawa katika kipindi hicho lisiwake. Utakaa na mkeo usiku mzima mnatazama mkono, hakuna kitu, na asubuhi utakuwa umempa ushahidi dhidi yako. Pili, linaweza likafanya kazi kupita kiasi. Kadiri mtu anavyorudia dawa, ndivyo madoa yanavyoweza kuongezeka idadi na ukubwa, na wapo wachache ambao siku moja wameamka na malengelenge karibu mwili mzima. Hali hiyo hulazwa hospitalini, na imewahi kuua. Uaminifu wako hauhitaji kuthibitishwa kwa gharama hiyo.

Lipo jaribio lililo salama zaidi, na ndilo ninalotaka ulifanye. Daktari wa ngozi huchanganya kiasi kidogo cha dawa inayoshukiwa na mafuta maalumu, akakibandika juu ya doa la zamani, na kibandiko kingine cha dawa ileile akakiweka kwenye ngozi safi, kwa mfano mgongoni. Baadaye anasoma. Katika mzio huu, mara nyingi kwenye doa panawaka na mgongoni hapawaki, kwa sababu mgongoni hakuna wakazi wanaoikumbuka dawa. Wewe una bahati ya kuwa na doa la mkononi. Hapo ndipo pa kubandika, si kwenye uume. Kipimo hiki hakigundui kila mgonjwa, na dawa nyingine hazipenyi ngozi vizuri, kwa hiyo kikiwa kimya hakikusafishi wala kuisafisha dawa. Lakini kikiwaka, mkeo atauona mkono wako kwa macho yake, bila kidonge kumezwa. Afadhali kifanyike wiki kadhaa baada ya doa kutulia, kwa sababu ileile niliyoitaja ya mahali kuchoka.

Kabla ya kwenda, andika kila ulichomeza katika wiki mbili kabla ya kila kidonda unachokikumbuka. Usiandike ibuprofeni peke yake. Andika vidonge vya mafua, ambavyo mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa kadhaa ndani ya kidonge kimoja. Andika dawa ya tumbo, antibiotiki ulizopewa, hata kinywaji chenye kwinini kama tonic, kwa kuwa nacho kimewahi kuleta madoa haya. Ninaishuku ibuprofeni kwa sababu ya ulivyoipanga habari yako, lakini nimeona barua nyingi ambazo mtuhumiwa wa kwanza hakuwa mwenye kosa. Piga picha doa likiwa linawaka, tarehe ionekane. Daktari akikuona siku ambayo limetulia atakuwa na cha kutazama.

Mgongo wako bado utauma, hilo nalijua. Mpaka uonwe, usimeze ibuprofeni, na usijichagulie nyingine ya ukoo wake ukidhani umebadilisha. Dawa zinazofanana kimaumbile huweza kutambuliwa na wakazi walewale. Mweleze daktari kazi yako na umwombe dawa ya jamii nyingine kabisa, ikianzwa kwa uangalifu. Simama njiani unyooke, rekebisha kiti. Na kwa msomaji mwingine anayejitambua katika barua hii lakini anatumia dawa ya kudumu aliyoandikiwa, kama ko-trimoksazoli ya kila siku: usiiache kimyakimya. Nenda ukaonwe haraka, ubadilishiwe na aliyekuandikia.

Doa likiwa linawaka, osha kwa maji safi, usilisugue, usilipake dawa kali za kuua vijidudu. Krimu ya steroidi isiyo kali, uliyoandikiwa, husaidia kupunguza uchungu. Mpaka ngozi ifunge kabisa, msikutane kimwili. Kidonda wazi ni mlango hata kwa vijidudu visivyohusika na hili. Sindano za antibiotiki hazina kazi hapa isipokuwa kidonda kimeingia usaha, na kila antibiotiki mpya ni dawa nyingine ambayo wakazi wa ngozi yako wanaweza kuijifunza.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki. Ukiona malengelenge yanasambaa, ngozi inachubuka kwa vipande, midomo na mdomo ndani vinatoka vidonda, macho yanawaka, au una homa pamoja na hayo, nenda hospitali saa hiyohiyo na chukua pakiti ya dawa uliyomeza.

Ukishajua jina la dawa, liandike kwenye kadi uiweke pamoja na leseni yako, na kila ukiandikiwa au kununua dawa litaje kwanza. Usitegemee muda upite ili mwili usahau. Wakazi hawa wamewahi kuitambua dawa hata baada ya miaka ambayo mtu hakuigusa. Kwa hiyo hata kama doa la mkononi limefifia usilione tena, jina hilo libaki kwenye kadi.